Nilifumua Kabla ya Kusuka

Najua nimepotea wiki tatu nzima, na wapo walioniandikia kuuliza kama nimedisko. Sijadisko jamani, teh teh! Ulikuwa msimu wa testi, na msimu wa testi ndipo vichwa vinapokuwa vingi. Wasichana wa hosteli yetu wanaamini mtihani hauingii kwenye kichwa kisichosukwa. Mimi siwapingi, maana imani hiyo ndiyo inayonilisha wali maharage siku zile bumu la kwanza limekwisha na la pili halijaingia.

Kwa wageni wa kibaraza hiki: nasoma ualimu na saikolojia, mwaka wa tatu, kwetu Tanga, na jioni nasuka. Sikuwahi kwenda saluni kujifunza wala sikuwahi kufundishwa na mtu kwa maana ya kukalishwa chini na kuambiwa hiki ni hiki. Kwa hiyo mhadhiri wetu alipofika kwenye mada ya kujifunza kwa kutazama, mwenzenu nilikaa mbele. Kwa kawaida mimi ni mtu wa viti vya nyuma karibu na feni.

Ngoja nianze na rumeti wangu, ameniruhusu nimseme.

Huyu dada alitazama video za kusuka karibu wiki nzima. Usiku ndani ya chandarua unaona mwanga wa simu tu, hadi bando linakata. Alikuwa anafuatilia zile rasta za siku hizi zisizo na kifundo kwenye shina, ambazo nywele ya bandia inaongezwa kidogo kidogo huku unashuka. Akawa ananiambia, "Mwenzangu, kumbe ni kitu kidogo hivi? Mnatuibia hela tu." Jumapili moja akatafuta kichwa. Akampata mwenzetu mmoja anayebebwa chumba cha jirani, na mnajua mtu anayebebwa hana sauti hosteli, ukimwambia kaa anakaa. Akakalishwa kwenye ndoo iliyofunikwa, saa nane mchana.

Saa kumi jioni kulikuwa na rasta mbili na nusu. Moja imesimama kama antena ya redio. Rumeti alikuwa anatoka jasho, vidole vinatetemeka, na anarudiarudia, "Lakini mbona nilielewa?"

Na kweli alielewa! Ukimwuliza hatua angekutajia zote kwa mpangilio, bora kuliko mimi. Ila kuna mambo ambayo video haisemi. Video haikwambii kwamba kichwa ni duara, kwa hiyo mkono uliokaa vizuri juu ya sikio hautakaa vizuri kisogoni. Haikwambii kwamba mwenye kichwa anapumua, anacheka, anainama kujibu meseji. Haikwambii ile nywele ya tatu ikae wapi wakati vidole vingine vina shughuli, wala uvute kwa nguvu kiasi gani ili isilegee na wakati huohuo mtu asilale na panadoli. Macho hayaoni nguvu, yanaona matokeo ya nguvu tu. Hapo ndipo rumeti alipokwama, na kusema kweli nilimhurumia. Kile kichwa nilikimalizia mimi, saa sita usiku.

Jambo hili limepimwa na watu. Mwaka 2018 Michael Kardas na Ed O'Brien wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha utafiti kuhusu watu wanaotazama video za ujuzi fulani mara nyingi bila kuujaribu. Kwenye jaribio lao moja ujuzi ulikuwa kurusha vishale kwenye shabaha. Wengine walitazama video mara 1, wengine mara 20. Waliotazama mara 20 walijiamini zaidi kwamba watalenga vizuri. Waliporusha kweli, hawakuwapita wenzao. Walijaribu pia ule mtindo wa Michael Jackson wa kutembea kinyumenyume, ikawa hadithi ileile: kutazama kunaongeza uhakika, hakuongezi miguu. Na kuna kipande nilichokipenda zaidi. Watu waliotazama video ya kurusha na kudaka vigongo hewani, wakishapewa vile vigongo wavishike tu mkononi kidogo, kujiamini kwao kulishuka. Mkono ulipima uzito ukawaambia ukweli wao kabla hata hawajaanza.

Sasa wapo watakaosema basi, kutazama ni bure, nenda kafanye. Hapana. Mimi ni ushahidi unaotembea kwamba si bure. Ila kuna kutazama na kutazama.

Nimekulia Ngamiani, Tanga mjini, nyumba ya kupanga, na baraza ya nyumba hiyo ndiyo ilikuwa saluni ya mama yangu. Hakuna kioo, hakuna kiti cha kuzunguka. Kulikuwa na mkeka, kigoda, chanuo la mbao, kopo la mafuta na jaba la maji. Mama alisuka tangu sijazaliwa. Kodi ya chumba, sare zetu, nauli yangu ya kuja chuoni mara ya kwanza, vyote vimepita kwenye vidole vile.

Kazi yangu ya kwanza nikiwa na miaka sita hivi ilikuwa kumpa mama nywele. Kumpa tu. Unachambua fungu la rasta, unavuta ncha zisiwe zimekatika sawasawa kama ufagio, unatoa kipande chembamba unampa, unatoa kingine. Kikiwa kinene anakirudisha bila neno. Kikiwa chembamba anakirudisha bila neno. Baada ya miezi vidole vyangu vilijua unene wa mama bila kuangalia, na hadi leo nikitoa vipande ishirini vinafanana.

Kazi ya pili ilikuwa kufumua. Hii watu wanaidharau, wanadhani ni kazi ya kuwapa watoto ili wasizurure. Lakini fikiria. Anayefumua anapita njia yote ya msusi, kwa kurudi nyuma, pole pole, na kila fundo linamwonyesha lilifungwaje. Nimefumua vichwa sijui vingapi vya mama na vya wasusi wengine, nikajua nani anakaza shina, nani anaibia chini, nani anaongeza nywele kushoto tu. Nilikuwa nasoma kazi za watu bila kujua kuwa nasoma.

Kisha kuchovya ncha kwenye maji ya moto. Kisha kumalizia: mama anaanza rasta, anashuka nayo hadi usawa wa bega, ananiachia nimalize ule urefu wa chini. Hapo nikikosea haionekani, na ikionekana inafumuliwa kwa dakika moja. Nikapanda kidogo kidogo, kutoka bega kwenda sikio, kutoka sikio kwenda shina. Kuchana njia ndiyo ilikuwa ya mwisho kabisa, nikiwa kidato cha pili, kwa sababu njia ikipinda mtaa mzima unaiona.

Nilidhani haya ni mambo ya mama yangu tu. Mwaka huu nikakutana kwenye desa na kazi ya Jean Lave, mwanaanthropolojia wa Kimarekani ambaye miaka ya 1970 alikaa na mafundi cherehani wa Kivai na Kigola kule Monrovia, Liberia. Aliwakuta wanafunzi wa ushonaji wanaanzia mwisho! Kwanza kupiga pasi, kutia vifungo, kukunja pindo, yaani zile kazi za nguo iliyokwisha kushonwa. Baadaye kushona vipande. Kukata kitambaa kunakuja mwisho, ingawa kwenye nguo yenyewe kukata ndiko kunakoanza. Na wanaanza na vitu kama kofia na chupi za watoto, suti ya heshima ni ya baadaye sana. Sababu mnaiona: pindo likiharibika linafumuliwa, kitambaa kikikatwa vibaya hasara ni ya fundi. Lakini kuna na sababu nyingine ya chini chini, kwamba yule mtoto anayetia vifungo anakaa na nguo nzima mkononi, anaona vipande vimekutana wapi, kwa hiyo siku akishika mkasi anajua anakata nini na kwa nini. Lave na Etienne Wenger waliandika kitabu mwaka 1991 wakieleza kwamba kujifunza kazi ni kuingia taratibu kwenye kundi la wanaoifanya, kutoka pembeni kuja katikati. Nilisoma sura ile mara mbili, nikampigia mama simu usiku kumwambia kuwa kuna watu Liberia wanafundisha kama yeye. Akasema, "Sasa wangefundishaje?"

Pembeni ya baraza nasi watoto tulikuwa na saluni yetu. Nyasi ndefu zile za kando ya mtaro tulizifunga vichwa tukazisuka zikiwa bado zimeota. Msimu wa mahindi tunachukua gunzi changa lenye ndevu zake, ndiyo mteja. Mteja mzuri, halalamiki kichwa kinauma. Kila nililoliona asubuhi nililifanya mchana, na asubuhi inayofuata nilitazama kwa jicho jingine, kwa sababu sasa nilikuwa na swali. Kwa maoni yangu hapo ndipo palipo na siri yote. Macho bila swali yanatazama sinema tu. Ukijaribu, ukakwama mahali, ukarudi kutazama, basi macho yako yanakwenda moja kwa moja pale ulipokwama.

Hata kwenye ubongo inaonekana hivyo. Mwaka 2005 watafiti waliokuwa London wakiongozwa na Beatriz Calvo-Merino walichukua wachezaji wa ballet na wachezaji wa capoeira ya Brazil, wakawaonyesha video za michezo yote miwili huku wakipiga picha ubongo wao. Sehemu za ubongo zinazohusika na kutenda ziliwaka zaidi kwa mtu aliyekuwa anatazama mchezo anaoucheza yeye. Video ni zilezile, macho ni mazima kwa wote, lakini mwili unaojua unatazama tofauti. Mimi kwenye daladala siwezi kukaa nyuma ya mtu nikatulia. Nitaona rasta zake zilianzia wapi na msusi alichoka saa ngapi.

(Hapa mwanafunzi mwenzangu mmoja lazima atadandia kusema habari za zile seli za ubongo zinazoitwa seli kioo. Ndiyo, ziligunduliwa Parma, Italia, na kundi la Giacomo Rizzolatti, taarifa ya kwanza ilitoka mwaka 1992, na zilikuwa za nyani: zinafanya kazi mnyama akishika kitu na pia akimwona mwingine anakishika. Ni ugunduzi mzuri. Lakini watu wamezibebesha mizigo kuliko punda wa Lamu, kila kitu ni seli kioo, huruma seli kioo, lugha seli kioo. Wapo wanasayansi, kama Gregory Hickok katika kitabu chake cha mwaka 2014, waliopinga vikali. Kwenye mtihani andikeni kwa adabu.)

Jambo jingine nitalipitia haraka. Mikono ina kumbukumbu yake. Kuna yule mgonjwa maarufu, Henry Molaison, aliyepasuliwa ubongo mwaka 1953 kutibu kifafa akapoteza uwezo wa kukumbuka mambo mapya. Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora kwa kufuata mistari ya nyota huku anatazama mkono wake kwenye kioo, kazi ngumu kweli, jaribuni. Siku tatu mfululizo alizidi kuwa mzuri, ilhali kila siku alikuwa hakumbuki kuwa aliwahi kuifanya. Mkono unakumbuka, mwenye mkono hana habari. Na mwaka 2002 Matthew Walker na wenzake walionyesha kuwa watu waliojifunza kugonga mpangilio wa vidole waliongeza kasi kama asilimia 20 baada ya kulala usiku, bila mazoezi mengine yoyote. Kwa hiyo rumeti wangu, zile saa za chandarua ungelala tu!

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike leo.

Machi mwaka jana mama alipata kiharusi. Upande wa kulia. Namshukuru Mungu maneno yalirudi mapema, mguu ukafuata, baada ya miezi miwili alikuwa anakwenda msalani mwenyewe akishika ukuta. Mkono ndio ulibaki. Unafunga, haufunguki. Ukimpa kikombe anakishika, ukimwambia akiachie inabidi avivute vidole kwa mkono wa kushoto, kimoja kimoja. Msusi ambaye mkono wake haufunguki, nyie wenyewe malizieni.

Wateja mwanzoni walileta uji na matunda. Wiki zikapita, wakaenda kwa wasusi wengine, na siwalaumu, nywele hazisubiri. Mdogo wangu akawa anashinda na mama, mimi natuma ninachopata huku kwenye vichwa. Hapo ndipo mjomba alipoanza simu zake. Mjomba si mtu mbaya. Anasema, "Mwanangu, ahirisha mwaka. Rudi ukae pale barazani, wateja wa mama yako wanakujua, chuo kitakusubiri." Hesabu yake ni sahihi kabisa, nimeipiga mara nyingi kuliko yeye. Mama kila akisikia anageuza uso ukutani.

Nilipokwenda likizo ndefu nikamkuta mama hafanyi mazoezi yake. Hospitali walimpa mpira wa kubinya, vibanio vya nguo vya kufungua, vikombe vya kuhamisha. Mpira uko chini ya kitanda. Akaniambia, "Mimi sikuzaliwa kubinya mpira." Nikanyamaza. Lakini kichwani nilikuwa na makala niliyoisoma maktaba, ya mwaka 2007, ya Denis Ertelt na wenzake. Waliwachukua wagonjwa wachache wa kiharusi, waliokwisha kupita kile kipindi cha mwanzo, wakawaonyesha video za mikono ikifanya kazi za kila siku, kisha wagonjwa wanafanya kazi ileile waliyoiona, kwa wiki nne. Wengine walifanya mazoezi hayohayo ila walionyeshwa picha zisizo na mikono wala matendo. Walioona matendo kisha wakatenda waliendelea vizuri zaidi. Tangu hapo tafiti nyingine zimefanyika, faida ipo, ya kiasi, si ya miujiza.

Nikaenda kumwuliza mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kijana mtaratibu sana. Akasema hakuna ubaya, ila mpira na vibanio visiachwe, asichoshwe, akisikia maumivu ya bega tuache. Akanikumbusha pia kwamba sehemu kubwa ya nafuu ya mkono huja miezi ile ya mwanzo, kwa hiyo nisimwahidi mama kitu. Sikumwahidi.

Tukaanza na vipande vya khanga. Nilichana khanga kuukuu mapande matatu mapana, nikayafunga kwenye nondo ya dirisha. Mimi nasuka polepole, dakika tano, kipande kidogo tu, mama anatazama. Halafu zamu yake, kipande kilekile. Mahali pa kukaa nilipafikiria sana. Tukikaa tunatazamana, kulia kwangu kunakuwa kushoto kwake na ubongo unapata kazi ya kugeuza. Kwa hiyo mama alikaa kwenye kigoda nyuma ya bega langu la kulia, juu kidogo, anaiona mikono yangu kama vile ni yake. Hapo nikagundua ndipo nilipokuwa nasimama mimi nikiwa mtoto! Nyuma ya bega lake, nikimpa rasta.

Wiki ya kwanza hakuna kitu. Mkono wa kushoto unafanya yote, wa kulia umelala juu ya khanga kama mgeni. Ila mama akawa anaongea. Anatazama dakika mbili, anaanza kunisahihisha. "Mbona unavuta kwa kiwiko?" "Legeza hapo, utamtoa mtu nywele." Mara ya kwanza tangu Machi nikamwona mama yangu akiwa na kazi.

Siku moja akanishika mkono. Akasema, "Hicho kidole umekipata wapi?" Kidole gani? Kile cha mwisho. Kumbe ninaposuka kidole changu kidogo kinajikunja na kubana nywele ya tatu ikisubiri zamu yake, vingine vinabaki huru. Sikuwahi kujua kuwa nafanya hivyo. Mama naye hakuwahi kujua kuwa yeye anafanya hivyo, mpaka alipokiona kwangu. Akacheka mpaka machozi, akasema kidole kile ni cha bibi. Bibi mzaa mama alikuwa Pangani, hakusuka nywele za watu, alisuka ukili wa mikeka, na miyaa iliyokuwa inasubiri aliibana kwa kidole kidogo. Mama alikua amekaa pembeni yake. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Kidole kimetoka kwenye mkeka kikaja kwenye vichwa vya Ngamiani, na sasa kipo hosteli, bila mtu yeyote kukifundisha.

Mambo kama haya huwezi kuyaandika kwenye andalio la somo. Huwezi kufundisha usichojua kuwa unakijua. Anaweza kukichukua tu mtu aliyekaa karibu, muda mrefu, akikutazama unafanya kazi kweli na siyo ukimwigizia. Nimemwuliza mhadhiri, akasema niandike, na mimi ndiyo naandika, ila hapa, teh teh.

Wiki ya tatu kidole cha shahada cha mama kilifunguka chenyewe kupokea kitambaa. Nusu inchi hivi. Tukanyamaza wote. Baada ya khanga tukaenda kwenye katani, si mnajua Tanga katani hainunuliwi mbali, nyuzi ngumu zinazosikika mkononi. Likizo ikaisha tukiwa kwenye katani.

Niliporudi chuo tukahamia kwenye simu. Kila Jumamosi nasuka kichwa kimoja taratibu, rumeti anasimama nyuma ya bega langu la kulia na simu, anarekodi dakika tano, hatua moja tu. Namtumia mdogo wangu, anamwekea mama, mama anatazama kisha anajaribu. Faida ambayo hatukuipangia ni ya rumeti mwenyewe. Kurekodi mikono yangu akiwa karibu vile, kunichambulia nywele, kunifumulia, kisha kunimalizia ncha, basi leo anasuka. Rasta kumi na tano za wiki iliyopita chini ya sikio ni zake, na mwenye kichwa hajui.

Na mama? Wiki mbili zilizopita alimsuka mtoto wa jirani. Twende kilioni, mistari minne tu, minene. Saa mbili na nusu. Mtoto alilala mara mbili. Mama yake yule mtoto akaacha shilingi 1,000 kwenye kopo la mafuta. Sijui kama ni video, au ni muda, au ni kwamba mwishowe alipata kitu anachotaka kukifanya kwa ule mkono badala ya mpira. Mtu mmoja si utafiti. Ila mpira nao siku hizi anaubinya, anasema unamsaidia kwenye katani.

Mjomba amepiga tena juzi. Mwisho wa muhula ndiyo siku aliyoweka ya jibu, na kodi ya miezi sita inadaiwa hukohuko mwisho wa muhula. Saa mbili na nusu kwa mistari minne hailipi kodi, hilo halihitaji hesabu. Mama anawaza vingine. Kuna wasichana wawili wa mtaani wameanza kuja barazani, wana vidole, hawana jicho. Anataka wasuke wao, yeye akae kwenye kigoda awatazame na kuwaambia, na njia azichane mwenyewe, maana njia ndiyo jina la msusi. Tatizo njia inataka mkono wa kulia ufunguke na ufunge kama mkasi, na hapo bado.

Nilipompigia Jumapili nilitaka tuongee habari ya kurudi. Hakunipa nafasi. Alisema, "Usirudi. Nitumie ile ya njia."

Kwa hiyo wadau, Jumamosi hii nahitaji kichwa kimoja chenye nywele nyingi, zisizopigwa dawa, cha mtu asiye na haraka. Nitachana njia tu, polepole sana, kutoka utosini kwenda kisogoni, na nitarudia mara tatu. Saa mbili asubuhi, karibu na dirisha, kabla jua halijawa kali kwenye kamera. Nitamsuka bure. Aje na chanuo lake, langu limevunjika jino.